Eksi za Kakangu

Kakangu alianguka mkarafuu msimu uliopita, hapa kwetu Pujini. Mkono aliouvunja ulipona. Kichwa ndicho kilichobaki na shida: asubuhi kinashika jambo, jioni kimeliacha. Yeye hakutaka kitu kingine ila kufanya mtihani wa kidato cha nne, na mwalimu wake alikuwa anangoja baba aseme kama jina lipelekwe.

Mimi niliishia kidato cha pili. Hesabu zangu zote alinifundisha yeye, tukichambua karafuu barazani. Basi nikajitia mwalimu, na raha zangu, nikijiona siku moja nina darasa langu mjini Chake, chaki mkononi.

Nikamwandikia 3x² + 5x + 2.

"Hii yote ni polinomia. Kila kipande ni mtajo. Tatu iliyo mbele ya eksi ni kizigeu chake, na hiyo mbili ndogo ya juu ni kipeo. Kipeo kilicho kikubwa kuliko vyote ndiyo digrii."

"Na hii mbili ya mwisho, maskini, haina mwenzake?"

"Haina eksi, kwa hiyo haibadiliki."

"Afadhali yake," akasema, akacheka.

Kosa lake lilikuwa moja tu: 3x² na 5x anajumlisha, anapata 8x².

"Si eksi zote hizi, we? Mti mmoja."

Nikamtoa uani. Karafuu za juzi zilikuwa zishaanza kukauka, na mbichi za leo baba kazianika jamvi jengine, kwani ukizichanganya, mbichi zinaharibu kavu.

"Mti mmoja, kweli. Lakini eksi ya kipeo mbili ina jamvi lake, na eksi tupu ina lake. Unajumlisha za jamvi moja tu."

Nikampa 3x² + 4x² + 5x. Akaandika 7x² + 5x. Mama, aliyekuwa jikoni akisikiliza, akapiga kigelegele kidogo, cha kujificha.

Asubuhi yake nilimkuta keshavaa sare, karatasi ile mkononi. Baba alikuwa anavaa viatu wafuatane skuli kupeleka jina.

"Mdogo wangu," kakangu akaniuliza, "hii eksi ndiyo nini?"

Nikacheka, nikidhani mzaha. Yeye hakucheka.

Baba akavua viatu taratibu, akavisukuma chini ya kitanda.

"Mwakani, mwanangu. Mwakani inshallah."

"Haya," akajibu.

Akaanza kufungua shati. Vifungo vikamshinda, nikamsaidia.