Kompyuta Iliyoshuka Dakani

Mume wangu alisimama katikati ya ukumbi, mikono kiunoni, akasema friji mpya itakaa pale na si pengine popote. Pale palikuwa na kompyuta.

Tulikuwa tunakaa mtaa wa Kiponda, Mji Mkongwe, darini, ghorofa ya juu, katika nyumba kongwe yenye kuta nene hata fundi wa umeme akija hujikuna kichwa kwanza kabla ya kufungua mkoba wake. Ukumbi mzima ulikuwa na soketi moja ya kuaminika, na soketi hiyo ilikuwa ya kompyuta tangu miaka ya tisini ilipokuwa inamalizika, kaka yangu alipoileta kutoka Maskati. Kwa miaka mingi nilikuwa nikichapia kadi za harusi, mitihani ya madrasa na mialiko ya khitma. Ilikuja nyeupe, sasa ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Skrini yake ilikuwa na kisogo kirefu, na juu ya kisogo hicho nilikuwa nimetandika kitambaa cha kufuma, kama watu walivyokuwa wakiyavisha maredio zamani. Ukiiwasha ilikohoa, ikanguruma, ukaenda kuteleka chai, ukarudi, ndipo ikakukaribisha.

Halafu kaka akaja likizo na kompyuta ya mapajani, nyembamba kama sinia, akaniachia. Kazi zangu zote zikahamia huko, na ile ya zamani ikabaki na kitambaa chake.

Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshakubali iondoke. Nilichokuwa sikijui ni namna ya kuiondoa. Kutupa kitu kama kile Mji Mkongwe si jambo la siri. Utakishusha ngazi, utakipakia gari la hamali, na kabla hujafika jaani mtaa mzima utakuwa umeshakuuliza unahama au umeachwa. Nikamwita fundi kutoka Darajani aiangalie. Akafungua ubavu wa kasha, akapuliza vumbi, akapiga chafya, akasema:

"Bibi, hii ina mambo mawili tu. Uitupe leo au uitupe kesho."

"Haitengenezeki ikawa kitu kingine?"

"Utumbo nitautoa mie. Kasha utapandia maua, wako watu wanafanya hivyo."

Fikra hiyo ilinipendeza. Nikaiona asumini kwenye dirisha la nyuma, inachanua ndani ya kasha la kompyuta, na mimi nachuma za kutia kichwani. Alipoondoka fundi nikamweleza mama yangu, ambaye alikuwa akikaa nasi tangu baba alipofariki. Mama alikuwa amekaa kwenye busati, tasbihi mkononi.

"Asumini ipande kwenye kopo," alisema. "Hii iache ilipo."

Mume wangu alikuwa anasikia. Tatizo la mume wangu ni kwamba ana adabu. Katika miaka yote tuliyokaa pamoja hakuwahi kubishana na mkwewe uso kwa uso, na hata siku ile hakuthubutu, japokuwa mama alikuwa mbele yake, angeweza kumgusa kwa mkono.

"Mwambie mama," akaniambia mimi, "kitu hiki kishakuwa kibovu."

"Mwambie mumeo," akasema mama, "kibovu hakiwaki. Hiki chawaka."

"Mwambie kinachukua nafasi."

"Mwambie na mie nnachukua nafasi."

Mume wangu akavaa kofia yake akaenda msikitini kusali alasiri, na adhana ilikuwa bado.

Hapo ndipo nilipozikumbuka karata.

Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa mcheza karata wa barazani. Kila siku jioni alikaa na wenzake chini ya dirisha letu, na kila siku jioni mama alilalamika kutoka dirisha hilo hilo. Alisema karata ni haramu, kazi ya wasio na kazi. Ndani ya nyumba hazikuingia kabisa. Baba alikuwa akiziweka kwa muuza kahawa. Baba alipofariki, mama akapoa. Akawa hateremki ngazi ila kukiwa na maziko au harusi ya mtu wa karibu sana. Sasa Ramadhani moja, uji uko motoni na magharibi bado mbali, nikamwona amejiinamia tu. Nikamwita kwenye kompyuta, nikamwonesha ule mchezo wa kupanga karata peke yako.

"Karata hizo?"

"Picha tu, mama."

"Picha za karata."

"Watu wanapitisha saumu, mama. Hebu jaribu. Shika hiki kipanya."

Akaurudisha mkono wake nyuma. "Saumu yangu hii nishike panya?"

Mwishowe alikishika, kwanza kwa ncha ya leso, kisha kwa mkono mtupu. Nikaanza kumweleza kuwa nyekundu inakaa juu ya nyeusi, ndogo juu ya kubwa. Hakunisikiliza. "Hiyo uru iweke kwenye shupaza," alisema. "Na ree ipandishe juu, waichelewesha ya nini?"

Nikamgeukia. "Mama, umezijulia wapi uru na shupaza?"

"Nyumba ina madirisha," alisema, macho yakiwa kwenye skrini.

Tangu Ramadhani ile alicheza kila alasiri. Ukimuuliza, alijibu kuwa yeye hachezi, anapanga tu. Siku ya kwanza alipozimaliza zote na karata zikaanza kurukaruka na kumwagika skrini nzima, alisema "Mashaallah" akaniita nije kushuhudia. Mimi nilikuwa nimelizoea jambo lile mpaka nikaacha kuliona, kama usivyoiona saa ya ukutani. Ndiyo maana nilipofikiria kompyuta kuondoka, sikumfikiria mama.

Nikajaribu kurekebisha. Nikamwekea mchezo ule ule kwenye kompyuta mpya.

"Hii haina kipanya," alisema.

"Unapapasa hapa kwa kidole, mama."

"Nnapapasa. Yakimbia." Akapapasa tena, karata ikaenda kusiko. "Tena hii ya kazi yako. Mie nigombanie nafasi na kadi za maharusi?" Akaifunika taratibu, akanirudishia.

"Basi ile ya zamani tuipeleke chumbani kwako."

"Nisali na shupaza zinanitazama?"

Friji ikaja. Ikakaa mlangoni mwa jiko imefungwa kwenye boksi lake, na sisi tukawa tunapita ubavu ubavu kwenda kupika. Mume wangu kila akipita alivuta pumzi na kuingiza tumbo ndani kwa namna ambayo mama aione.

Nyumba kongwe hazina siri. Sauti hushuka ngazi zenyewe. Chini yetu alikaa mjane mmoja kutoka Tumbatu, mwanamke mrefu, mcheshi, aliyekuwa akiuza barafu za ubuyu mlangoni kwake. Alikuwa ameisikia kesi yetu tangu mwanzo. Asubuhi moja akaita kutoka chini:

"Bi Mkubwa!"

"Naam!" mama akaitika.

"Hicho kidude kishusheni huku! Hapa dakani nna soketi na kivuli nnacho!"

Daka letu lilikuwa ni ule ukumbi mdogo unaoingia ukishavuka mlango wa nje, wenye baraza mbili za mawe zinazotazamana. Zamani wageni wa kiume wakipokelewa pale. Sasa zilikuwa zikikaa ndoo tu na baiskeli isiyo na mnyororo.

Mama akafikiri mpaka adhuhuri. Kisha akasema, "Mwambie mumeo kishuke."

Mume wangu aliibeba skrini mwenyewe, ameikumbatia kama mtoto anayepelekwa kutahiriwa. Mimi, kasha nimeshalishusha, nilitangulia na kibodi na kipanya, na mama akabaki juu anaamrisha. Ngazi zile ni za wima na vidato vyake haviko sawa.

"Kisogo! Angalia kisogo!"

"Mwambie mama nakiona," alihema mume wangu.

"Kinagusa ukuta!"

"Mama, nimekishika!" alipiga ukelele.

Lilikuwa neno la kwanza kumrushia mama bila ya kupitia kwangu. Wote wawili wakajifanya halikutokea, na skrini ikafika chini salama, na juu friji ikapata soketi yake.

Mwanzo walikuwa wawili tu, mama na mjane. Baadaye wanawake waliokuja kununua barafu wakawa wanachungulia, kisha wanaketi, kisha wanakuja hata bila ya kutaka barafu. Walileta kazi zao, huyu mchele wa kuchagua, huyu kofia ya kushona. Mmoja akishika kipanya, waliobaki wote walikuwa washauri. Nikiwa darini nachapa, nilikuwa nikisikia: "Kopa hiyo! Kopa! Ah, kashaiua!" na vicheko vikipanda ngazi. Mama, aliyekuwa hateremki, sasa akisali alasiri tu huyo anashuka, mkono ukutani, magoti yakimlaumu kila kidato.

Aliyepata tabu alikuwa mume wangu. Kila akirudi kutoka kazini bandarini amechoka, alikuta mlango umekomewa.

"Hodi!"

"Ngoja!" ilitoka sauti, tena zaidi ya moja. Wanawake watafute mabuibui yao, wajifunike, na aliye na mchezo mkononi aumalize. Mume wangu akingoja nje, kwenye baraza ya mtaani, na wanaume wakimuuliza anafanya nini mlangoni kwake mwenyewe.

"Wanapanga," alijibu.

Siku moja nilishuka kumchukua mama baada ya wenzake kutawanyika. Alikuwa peke yake, mchezo umekwama, na hakutaka kuuanza mwengine.

"Baba yako alikuwa hajui kucheza," alisema.

"Kila siku alikuwa akisema ameshinda."

"Walimwachia. Alikuwa akizitupa karata zake kubwa mapema, akifika mwisho hana kitu. Nilikuwa nikimwona kutoka juu, roho inaniuma, natamani nimwambie: izuie hiyo, mume wangu, izuie kidogo." Akakipangusa kipanya kwa leso yake. "Lakini nshasema karata haramu. Nitaanzaje?"

Nikakaa kando yake kwenye jiwe. Nikamshika mkono tukapanda.

Kompyuta ilidumu dakani kuliko alivyokisia fundi. Ilikufa alasiri ya kawaida, zamu ya mjane, karata zikiwa nusu zimepangwa. Skrini ilijikunja ikawa mstari, mstari ukawa nukta, ikafuata harufu ya kuungua. Mmoja wao akasema "Inna lillahi," na wote wakacheka mpaka mjane akajifuta machozi. Fundi akaitwa. Mara hii hakusema leo wala kesho.

"Ichukue," mama alimwambia. "Yote, na kipanya chake. Utakachokipata ndani kitumie."

Nilimwambia nitamtafutia nyingine. Ofisi nyingi zilikuwa zikizitoa za namna ile. Akakataa. Alisema zile karata keshazijua, hazimsumbui tena.

Kesho yake alasiri wanawake walikuja vile vile, wakakaa kwenye baraza zao za mawe. Mama akashuka. Akamwomba mmoja wao amfundishe kushona kofia, kwa macho yake yasiyotosha kutunga uzi kwenye sindano. Uzi akitungiwa na mjane. Kofia yake ya kwanza ilichukua miezi, na nakshi za upande mmoja hazikukutana na za upande wa pili. Alipoimaliza alipanda nayo, akampa mume wangu mkononi mwake.

"Jaribu," alimwambia.

Ilimbana. Iliacha alama nyekundu kwenye kipaji cha uso wake. Mume wangu akajitazama kwenye kioo, akasema, "Imenikaa, mama," na Ijumaa ile akaivaa kwenda kusali.