Mzee Aliyetutazama Vichwa

Jumanne asubuhi nilipigiwa simu na mama mwenye duka la nyuzi na vitambaa hapa Hayes, magharibi mwa London. Ni Mhindi mzaliwa wa Kisumu, na Kiswahili chake hakijabadilika tangu aondoke huko akiwa msichana. "Mzee wangu wa juu amekufa," akasema. "Mimi napeleka chai, nagonga, hapana jibu. Daktari nasema moyo." Mzee huyo, Mzanzibari aliyepanga chumba juu ya duka lake, tulifahamiana kwa miaka sita, ingawa siwezi kusema tulikuwa marafiki. Nilimpa pole yule mama. Lakini naungama kwenu ninaowaandikia kila wiki kwamba kabla sijamwombea marehemu dua, nilijiuliza daftari lake limebaki wapi.

Alikuwa amestaafu kazi ya kupakia vyakula vya abiria katika ghala moja karibu na uwanja wa ndege. Mkewe alitangulia zamani, na watoto hawakujaaliwa. Kila Jumamosi mchana alikuja kwenye ukumbi mdogo tunaokodi sisi watu wa Afrika Mashariki, tukanywa chai na kupeana habari. Kiangazi alikuwa mzungumzaji kama wengine. Saa zikisharudishwa nyuma mwishoni mwa Oktoba, kama ilivyo desturi ya Uingereza baridi ikikaribia, alibadilika. Alikaa kwenye kona akitutazama, si machoni bali juu kidogo ya macho, kisha akaandika kitu kwenye kijidaftari cha buluu. Miaka ya mwanzo tulicheka tu. Majira ya baridi ya mwaka juzi aliliacha daftari mezani akaenda kutawadha, nami nikalifungua. Niliona majina yetu wanaume, na mbele ya kila jina tarakimu. Mbele ya langu paliandikwa ishirini na mbili na nusu. Nikalifunga upesi kama niliyeungua.

Kazi yangu ya kila siku ni ukalimani. Nimewasindikiza wengi Croydon, kwenye lile jengo la uhamiaji, na nimeona neno lililosemwa kwa mzaha likirudi mezani likiwa swali la ofisa. Kwa hiyo naogopa kalamu ya mtu mwingine, nikiwa mimi mwenyewe naishi kwa kalamu. Wiki mbili baadaye kaka mmoja wa Mombasa, anayehudumia wagonjwa majumbani, alipata barua ya uhamiaji ya kuitwa kuhojiwa. Jina lake nililiona daftarini. Nikaunganisha mambo mawili yasiyohusiana, nikajiona mwerevu. Jumamosi hiyo, kabla mzee hajafika, niliwaambia wenzangu: "Mbele ya yule mzee, chungeni midomo. Anatuandika." Sikuongeza, wala haikuhitajika. Alipoingia, mazungumzo yalikatika. Alipoketi, waliokuwa karibu naye wakakumbuka wana basi la kuwahi. Alistahimili Jumamosi mbili. Ya tatu hakuja, nasi tukasema, mnaona?

Mwezi Januari niliingia dukani kununua zipu ya koti. Yule mama aliniangalia, akaiweka zipu chini ya kaunta.

"Wewe ndiye andika gazeti? Wewe ndiye nasema mzee wangu ni polisi?"

"Mimi sikusema polisi, mama."

"Haya, panda juu. Panda, ona polisi yako."

Nilipanda nikiwa bado na shaka. Nilidhani yule mama amepangiwa na mzee la kusema. Nilimkuta mzee karibu na dirisha, blanketi magotini, anashona kofia. Kitambaa kilikuwa cheupe, kimejaa vijitundu vidogo mno, kila kimoja kimezungushiwa uzi wa rangi ya maziwa kwa mkono. Kitandani zilipangwa nyingine nne, moja kwa kila winta tangu astaafu. Hakushtuka kuniona. Alikitazama kichwa changu.

"Ishirini na mbili na nusu," akasema. "Inchi. Nimekosea?"

"Hukukosea. Lakini kwa nini hukutuambia, mzee?"

"Ningewaambia nashona, mngeagiza. Huyu anataka ya harusi, yule ya Idi, mwingine kila siku anauliza itakwisha lini. Miaka ishirini na saba nimepakia vyakula kwa saa ya mtu mwingine. Hii nilitaka iwe yangu. Nawatazama vichwa, nachagua kimoja, nakishonea bila mwenyewe kujua." Aliuvuta uzi. "Huku giza linaingia saa kumi jioni. Usipokuwa na kitu mkononi, chumba kinaanza kukusema. Basi nashona tundu, nashona jingine, mpaka Machi."

"Watu walikuwa na hofu," nikasema.

"Watu, au wewe?"

Nilimwambia nachelewa, nikashuka.

Ile barua ya kaka wa Mombasa ilikuwa hatua ya kawaida ya maombi yake mwenyewe, na mwezi wa pili alipewa ukaazi. Hilo nilikuwa wa kwanza kulijua, maana mimi ndiye niliyemkalimania. Sikulitangaza ukumbini. Nilijiambia mambo yatapoa yenyewe, na kwamba mzee akitaka atarudi. Hakurudi. Alisali msikitini, akapita mbele yetu na salamu fupi, akapanda kwake. Mwaka mzima ukapita hivyo.

Mazishini tulijaa. Walioogopa kuketi naye walisimama kaburini wakisema alikuwa mtu wa watu, nami niliwatilia shaka wote, nikianza na mimi niliyeitikia. Jumamosi iliyofuata nilisimama ukumbini nikaeleza yote: kwamba maneno yale yalianza kwangu, kwamba nilijua ukweli tangu Januari ya mwaka jana na nikanyamaza, na kwamba daftari liko kwa mama wa duka, aliyelikuta chumbani, lina majina na inchi basi. Kisha bwana mmoja ninayemheshimu aliweka kikombe chini. "Tumekusikia," akasema. "Lakini hilo ni daftari moja. Nani anajua kama hakuwa na jingine?" Wawili watatu wakaitikia kwa vichwa. Yule kaka wa Mombasa alitazama sakafu.

Niliwaambia waende dukani wajionee wenyewe, na hadi leo hajaenda hata mmoja. Siwalaumu sana. Sisi tunaoishi kwa kibali tumefunzwa kuogopa, na hofu hiyo imewahi kutuokoa. Ila nimejifunza kwamba shaka ukishaitia kwa watu haiwi tena mali yako, na huwezi kuirudisha siku unayotaka. Swali lililonipasa lilikuwa jepesi: "Mzee, unaandika nini?" Angenijibu papo hapo, na pengine angecheka. Sasa tunaulizana sisi kwa sisi, na kila mmoja ana jibu.