Kajetani Akataa Kutia Saini

Kajetani Ngonyani ana umri wa miaka sitini na mitatu, na kwa miaka arobaini amevua samaki katika Mto Ruvuma, chini ya milima ya Matogoro. Si mtu wa mikutano. Ndiyo maana wenzake walishangaa siku aliposimama mbele yao kukataa kutia saini.

Nyavu za matundu madogo zilikuwa zimeumaliza mto. Ningu, samaki aliyekuwa akijaza migono yao, ile mitego ya kusukwa kwa mianzi, alikuwa haonekani tena. Wavuvi walikuwa wamekubaliana na mradi wa uhifadhi kwamba mazalia yafungwe kila msimu wa mvua, na wataalamu wakachagua kilindi kilicho karibu na daraja.

Kajetani alisema hapo si mazalia. Ningu hupanda na mafuriko na kutaga kwenye matete. Pamela, mtaalamu wa samaki, alimjibu kwa upole kwamba waliwahesabu, na wengi walikuwa kilindini.

"Mliwahesabu mwezi gani, binti?"

"Septemba, mzee."

"Septemba mto umekauka. Walikuwa na pengine pa kwenda?"

Watu wakacheka. Gaspari, kaka wa mkewe, akadakia kwamba mzee anatetea ndoana zake za kilindini. "Tia saini, shemeji, tukale."

"Mkifunga kilindi mtaumaliza mto huu kwa karatasi. Jina langu halitakuwemo."

Pamela akaomba utiaji saini usubiri mvua. Januari alirudi, na Kajetani akamwambia avue mabuti. Waliingia kwenye matete, maji yakiwafika magotini. Mzee akainua mgono, akatoa ningu, akambinya tumbo taratibu. Mayai yakamwagika kiganjani mwa Pamela.

Pamela akauliza nani huvua hapo. Kajetani akajibu kwamba ni yeye peke yake. Aliachiwa na baba yake.

"Basi tukipafunga, mzee, utakayekosa ni wewe."

"Ninajua. Andika."

Ramani ikachorwa upya, wote wakatia saini. Wiki hiyohiyo Kajetani aling'oa migono yake kumi na mmoja, akaibeba katikati ya kijiji mchana, kila mtu aione.

Mwaka wa pili ningu walianza kunaswa tena chini ya daraja. Hapo tamaa ikaamka. Asubuhi moja ya Februari mwaka huu, Gaspari alifika kwenye matete na wavu, akamkuta shemeji yake amesimama majini.

"Mradi umekuajiri lini, shemeji?"

"Hawajaniajiri. Rudi nyumbani."

Gaspari alisema ana muda. Mtu mzima hawezi kushinda majini bila kula. Atatega mzee akienda kula.

Kajetani aligeuza uso upande wa nyumbani kwake, hatua chache kutoka ukingoni, akamwita mkewe Benigna kwa sauti, akamwomba amletee ugali wake hukohuko mtoni. Ukaletwa. Aliula akiwa amesimama, tonge baada ya tonge, bila haraka yoyote, huku wavu wa Gaspari ukiwa bado mkavu begani.