Espérance, aliyenionyesha Ugiriki kwa bugali

Mpaka sasa naona kama atagonga mlango. Espérance hayuko tena. Moyo wake ulisimama Jumapili, kwake Etterbeek, hapa Bruxelles, akijitayarisha kwenda kanisani.

Naandika hapa kwenye cyber ya Matonge, mtoto wangu Neema amelala mgongoni. Sijalia. Machozi hayaji tu.

Kwa ninyi wa ukurasa huu musiomujua: alikuwa rafiki yangu wa Bukavu. Tulikuwa tunafuata pamoja masomo ya watu wazima, tupate kazi ya kutunza wazee. Mimi shule niliiacha mapema, na somo la historia liliniogopesha. Examen, mtihani wake, ni ya kujibu kwa mdomo: namna gani bahari iliwatengeneza Wagiriki wa zamani? Nikamwambia naacha.

"Unaacha nini, maman Neema? Pika bugali, mi nakuya."

Jikoni kwangu akapanga tonge kwa tonge kwenye sahani, akamwaga mchuzi wa ndagala, yaani dagaa, kandokando.

"Iyi ni milima, muchuzi ni bahari. Kutoka huku mupaka kule, batu batapita wapi?"

"Barabarani."

"Barabara gani, na milima yote iyi? Weye ukitoka Bukavu kwenda Goma, unapita wapi?"

"Napanda bateau pale ziwani."

"Bon! Bagiriki vilevile."

Kisha akabonyeza kila tonge kwa kidole gumba, kama tunavyofanya sote kabla ya kuchovya. Mchuzi ukaingia.

"Kila shimo ni bandari. Kila bandari ni muji yake, na bakubwa bake, na kiburi yake."

Shamba la tambarare lilikuwa dogo, ngano haikuwatosha Wagiriki. Donc, kwa hiyo, walipakia melini mafuta ya zeituni na divai, wakarudi na ngano. Hata herufi walizipata kwa wafanyabiashara waliotoka ng'ambo ya bahari.

"Unaona? A, B, C yenyewe ililetwa na bageni. Usisikie haya kuwa mugeni hapa Bruxelles."

Tulipogeuka, Neema alikuwa amekula Athènes, tonge lililokuwa karibu naye. Lote!

"Muji imeanguka," Espérance akapiga kelele, "na adui hata meno hana ya kutosha!"

Tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Jana kwenye matanga walinipa sahani ya bugali. Nikakata tonge, nikabonyeza bila kuwaza. Mchuzi ukaingia. Nikabaki nimelishika mpaka likapoa. Mama mmoja akaniambia, "Kula, mutoto yangu." Sikuweza. Neema akalichukua mkononi mwangu, akala yeye.

Examen ni Alhamisi. Asubuhi nilishika simu niseme siendi. Nikairudisha.

Alors, naenda, Espé. Na Neema nitamwambia ni nani alimlisha mji mzima.

Mezani kwa walimu wa examen hakutakuwa na bugali, lakini kidole changu kinajua pa kubonyeza. Lala kwa amani, dada yangu.