Slivu Iliyolala Kati ya Samaki

Harufu ya pumba za moto na moshi wa dizeli ndiyo iliyokuwa harufu ya nyumbani kwetu Mkongani. Wazazi wangu walikuwa na mashine ya kusaga unga, na injini yake kuukuu ilinguruma tangu asubuhi, hata sisi watoto tukazoea kupaza sauti hata chuoni tulikosoma Kurani, mwalimu akitukemea. Msimu mmoja wa mavuno, mahindi yakiwa yamejaa darini, injini ilikohoa, ikatoa moshi mzito, ikanyamaza. Pistoni ilikuwa imekwaruza silinda kwa ndani vibaya sana. Niliuchukia ukimya ule.

Baba alisema bloku la injini limekufa, inunuliwe injini mpya. Fedha hazikuwapo, kwa hiyo angekwenda Uarabuni kuendesha lori, kama alivyoitwa na nduguye. Mama naye alikuwa amesikia habari za Musyoka, fundi wa Ukunda mwenye asili ya bara, aliyeponya injini kwa slivu, yaani bomba la chuma linalovikwa ndani ya silinda iliyolika. Akashikilia hapo hapo. Baba akamcheka kwamba anataka kumtibu maiti. Walivutana kwa sauti za chini, nami nikimwomba Mungu slivu ishinde, ingawa sikujua hata sura yake. Nilimjua baba tu, na nilimtaka nyumbani.

Jioni moja baba aliuliza, "Mama Riziki, kwani wewe wataka injini hii, au wanitaka mimi?"

"Injini nitapata nyingine," mama akajibu, akaendelea kupepeta mchele.

Kesho yake baba mwenyewe alilipakia bloku kwenye pikapu, akatuchukua sote. Musyoka alilipanua tundu la silinda kwa mashine yake, kisha akatueleza kwamba slivu hutiwa baridi isinyae, na bloku hupashwa moto litanuke. Basi slivu ikalala ndani ya friza ya muuza samaki jirani yake, kati ya changu na tasi, na asubuhi bloku likawekwa juu ya moto wa vifuu. Likipasuka, alituonya, hakuna tena la kufanya. Baba aliishika slivu kwa tambara, akapiga bismillahi, akaisukuma. Iliteremka bila nyundo. Mama alijifunika uso kwa leso, akalia. Wateja walitutania muda mrefu kwamba unga wetu unanuka samaki, na baba hakwenda popote.

Sasa mimi na mume wangu tuna mashine yetu Msambweni. Injini ilipoharibika hatukuulizia slivu. Watu wa siku hizi hatuna subira hiyo. Tulinunua mpya, inayong'aa, isiyotoa moshi, na mume wangu yuko Doha akiilipia. Ijumaa hutupigia simu ya video. Binti yetu humbusu baba yake kwenye kioo, kisha hukipangusa kwa pindo la gauni ili amwone tena.