Hita ya Bafu la Uani

Habari za kifo chake zilinifikia asubuhi, nikiwa sokoni Nakivale nikichagua viazi vitamu. Aliyenipigia simu alikuwa mpishi wake wa siku nyingi. Alisema tu, "Mama ametuacha," nami sikuhitaji kuuliza mama yupi. Kwa sisi tuliokimbia Kivu ya Kusini mwaka 1996 na miaka iliyofuata, tukapewa mahali pa kujenga na kulima katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale nchini Uganda, Mbarara ulikuwa mji wa kupeleka mgonjwa aliyezidiwa, na anayempeleka mgonjwa lazima apate pa kulala. Wengi wetu tulilala kwake. Alikuwa na nyumba ya wageni ya ghorofa moja huko Ruharo, chini kidogo ya hospitali, yenye ua wa nyuma uliojaa kamba za kuanikia nguo, na humo uani bafu la wageni wa vyumba vya chini. Sikuwa ndugu yake, wala siwezi kudai nilikuwa rafiki wa karibu. Nilikuwa mteja wake, wa kuja na kuondoka, kwa miaka mingi. Hata hivyo leo naomba wasomaji wangu waniruhusu niweke kando siasa na bei ya mahindi, nimzungumzie mwanamke huyu na hita yake ya maji.

Alikuwa Mnyankole, mjane wa askari, na Kiswahili chake alikiokota kambini alikoishi na mumewe ujanani. Kilikuwa Kiswahili cha amri, kisichopoteza muda. Mgeni akichelewa kutoka chumbani, alimgongea mlango na kumwambia, "Wewe, sebo, chai nakuwa baridi," sebo ikiwa ni bwana kwa Kinyankole. Sisi nasi tulikuja na Kiswahili chetu cha Kivu, chenye Kifaransa kidogo ndani yake, kwa hiyo mazungumzo ya uani kwake yangemliza mwalimu yeyote wa sarufi. Tulielewana hata hivyo. Jiko la makaa sisi tuliliita mbabula, yeye akaliita sigiri, na makaa yakawaka vilevile.

Mke wangu alipojifungua mtoto wetu wa tatu, ilibidi apasuliwe. Walipomruhusu kutoka wodini walimtaka arudi kila asubuhi kusafishwa kidonda, na barabara ya Nakivale si ya kupitishia mwanamke mwenye nyuzi tumboni. Tukapanga chumba cha chini pale Ruharo, na dada yangu mkubwa akaja kumuuguza. Kwetu mzazi hafai kuguswa na maji ya baridi. Muuguzi naye alisema kidonda kibaki kikavu, lakini mwili uliobaki uoshwe kwa maji ya moto. Tatizo lilikuwa kuyapata. Nyumba ilikuwa na hita ya zamani, tangi kubwa lililofungwa darini, lililopasha maji usiku na kuyatunza mpaka asubuhi. Yaliwatosha watu wachache, na yakiisha, tangi lilihitaji saa nyingi kupasha mengine. Wafanyabiashara wa matoke na madereva wa malori ya ng'ombe, waliolala vyumba vya juu, waliamka kabla ya wote, wakajimwagia walivyotaka, wakashika njia ya Isingiro au ya Kampala. Wagonjwa na wauguzi wao walipofika bafuni, bomba la moto lilikuwa na baridi sawa na lile jingine. Hakuna aliyekusudia kumwonea mtu. Aliyeshiba hamjui mwenye njaa.

Basi dada yangu akawa anachemsha maji uani juu ya makaa, kisha anabeba sufuria kupita ukumbini hadi chumbani. Asubuhi moja sakafu ilikuwa imetoka kupigwa deki. Nilikuwa mlangoni nikizungumza na mtu wa bodaboda niliposikia sufuria ikianguka, na baada yake sauti ya dada yangu, ambayo sikuwa nimewahi kuisikia ikitoka vile hata tulipokuwa tunakimbia vita. Maji yalikuwa yamemmwagikia mguu kuanzia gotini. Mwenye nyumba alimfikia kabla yangu. Alimvua kandambili, akammiminia ndoo nzima ya maji ya baridi, akaleta nyingine, kisha akampandisha kwenye ile bodaboda na yeye mwenyewe akakaa nyuma yake kumshikilia, aproni ya jikoni ikiwa bado kiunoni, wakapanda kilima kwenda hospitali.

Jioni alikuja chumbani kwetu, akaketi kwenye ukingo wa kitanda. "Kwa nini wewe hapana kuja kuniambia maji nakwisha?" alimwuliza dada.

"Mama, ningekuambia nini?" dada akajibu. "Batu ya juu banaoga ba kwanza, maji inaisha. Sisi tulishazoea kuwa ba nyuma. Kule kambi tunapanga mustari kwa kila kitu."

Mwenye nyumba aliutazama mguu uliofungwa bandeji, kisha akamchukua mtoto wetu mapajani. Alipoinuka alisema, "Ile tangi mimi nimechoka nayo."

Juma lililofuata akaja fundi wa umeme kutoka mjini. Alishauri aina mpya ya hita, isiyo na tangi, ile ndogo ya kufungwa ukutani bafuni. Maji hupita humo ndani na kupata moto yakiwa njiani, kwa hiyo hakuna akiba ya kumalizika: maadamu bomba lina maji na nyumba ina umeme, wa kumi ataoga moto kama wa kwanza. Lakini fundi alikuwa mkweli. "Hii kitu inakula umeme mingi," alisema. "Waya ya hapa iko nyembamba. Nitavuta waya mnene kutoka kwa mita, na bado itabeba moja tu. Na tangi lazima itoke. Mbili haziwezi kuwaka pamoja." Ikabidi mwenye nyumba achague ukuta mmoja katika nyumba nzima.

Mwanawe mkubwa alikuwepo siku hiyo. Nilikuwa nimekaa Uganda muda wa kutosha kuelewa Kinyankole walichosemezana. Kijana alimsihi mama yake aifunge hita juu, kwa kuwa wageni wa juu ndio walioilisha nyumba, nao hawatakubali kushuka na taulo mabegani kwenda kuoga na wagonjwa. Hakuwa mtu mbaya, na hesabu yake haikuwa na kosa. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia fundi na kusema kwa Kiswahili, nadhani ili na sisi tuliosimama uani tusikie: "Weka nyuma. Bafu ya wamama."

Hita ilipofungwa, wanawake wetu waliiogopa. Umeme na maji katika chumba kimoja? Fundi alieleza habari za waya uliozikwa ardhini na swichi inayojizima yenyewe kukiwa na hitilafu, lakini hakuna aliyesogea. Mwenye nyumba akachukua sabuni na kitenge, akaingia, akafunga mlango. Tulisimama nje tukisikiliza maji yakimwagika, na baada ya kitambo kidogo tukasikia wimbo wa kanisani ukiimbwa vibaya. Alitoka na nywele zimelowa, mvuke ukimfuata. "Niko mzima," akasema. "Sasa huyu wa kupasuliwa." Akamshika mke wangu mkono, akamwonyesha bomba. "Fungua kidogo. Ukifungua mingi, nakuwa baridi." Mke wangu aliniambia baadaye kwamba alilia mle ndani, na haikuwa kwa maumivu.

Kilichofuata pia lazima nikiseme, maana wema husimuliwa mara nyingi kana kwamba haukumgharimu mtu kitu. Mfanyabiashara mmoja wa matoke, mteja wake wa miaka, alikasirika. "Mimi nimepanga chumba ya juu, halafu nangoja wagonjwa baoge?" Akajibiwa, "Maji yako moto hata wewe ukiwa wa mwisho, sebo. Ngoja tu." Hakungoja. Alihamia kwingine, na wenzake kadhaa wakamfuata. Kwa miezi mingi vyumba vya juu vilikaa vitupu, na mama akauza ng'ombe wawili waliokuwa kwa kaka yake huko Isingiro ili nyumba isifungwe. Umeme nao ulikatika mara kwa mara, na hita isiyo na tangi haina joto la akiba hata la kunawia uso. Siku hizo alirudi kwenye sigiri, lakini aliihamishia kwenye kibanda kando ya mlango wa bafu, asipite tena mtu ukumbini na sufuria inayochemka. Miaka kadhaa baadaye, alipoweza kubadilisha waya wa nyumba nzima, alifunga hita ya pili huko juu. Baadhi ya wale wafanyabiashara walirudi. Aliwapokea kwa chai, tena ya moto.

Nimewaza sana kuhusu jambo hili tangu siku ile. Mkimbizi hujifunza mapema kusimama kwenye mstari: wa chakula, wa maji, wa karatasi. Baada ya miaka mingi huacha kuona kwamba mstari ulipangwa na mtu. Huuona kama mvua au jua. Na maendeleo yanapofika, yawe ni nguzo ya umeme, bomba au simu, huanzia kwa aliye juu na kuteremka taratibu, na sisi wa chini tunaambiwa tuwe na subira, yatatufikia. Mara nyingi hayafiki. Kwa hiyo sishangai kwamba wanawake wengi wa Nakivale, ambao wameona misaada ya kila namna ikija na kuondoka na magari yake, bado huzungumzia hita moja ndogo kwenye ukuta wa bafu la uani.

Tulimzika kijijini kwao, ng'ambo ya mji wa Isingiro, migombani. Kutoka Nakivale tulikwenda lori zima, wengi wetu wanawake, wengine na watoto waliozaliwa katika hospitali ile. Mwanawe mkubwa alipomaliza kusema, aliomba mmoja wetu aseme neno. Wakamsukuma dada yangu mbele. Hajui hotuba. Alisimama mbele ya watu wale wote, akasema kwa Kiswahili chetu: "Mimi nilikuwa najua fasi yangu ni ya nyuma. Huyu mama akaniita mbele, na hakuniuliza natoka wapi. Aksanti, Mama." Akarudi mahali pake.

Yule mwana akainama akalia, nami nikaelewa kile ambacho mama yake alitufundisha sote wawili siku ile ya fundi. Neema ikiingia nyumbani mwako, hata iwe ndogo kiasi cha kuutosha ukuta mmoja, isiulizwe kwanza nani anastahili. Iulizwe nani amengoja zaidi, na ianzie hapo.