Recho Alipompigia Goti Mgambo

Mwaka 1998 ungemkuta Niyokwizera kwenye foleni ya mgao, katika kambi ya wakimbizi huko Kasulo, ungemcheka. Mwalimu mzima, aliyefundisha shule kwao Burundi na kucheza karate hadi akavishwa mkanda wa kahawia, anatia dole gumba kama mtu asiyejua kusoma! Kuandika alijua. Tangu avuke mpaka, mikono ilimtetemeka, kalamu haikai. Aliona aibu mpaka basi.

Dawa aliipata bila kuitafuta. Vijana wawili walipigana bombani, akawaachanisha, akawaonyesha namna ya kukinga ngumi. Mkono ulioinuka kukinga haukutetemeka! Kesho yake walikuja sita, wiki ya pili ishirini, uwanja wa nyuma ya kanisa ukawa vumbi tupu. Usingizi ukamrudia. Hata ugali wa mahindi ya njano ukaanza kupita kooni. Uwanjani mikono ilitulia tuli, ila mbele ya kalamu hakuthubutu.

Mwanafunzi wake mkaidi kuliko wote hakuwa hata mkimbizi. Recho, Msukuma wa Nyamigogo aliyeuza dagaa sokoni kambini, alikuwa na teke la kuangusha fahali, lakini akikabiliana na mtu aliyemzidi umri lazima apige magoti kwanza.

"Recho, huyo ni mpinzani! Usimwamkie!"

"Mwalimu, nimpige mtu mzima bila shikamoo? Mama akisikia?"

Basi maneno hayana miguu lakini hutembea. Yakafika ofisini kwamba Mwalimu anafundisha jeshi, na miaka ile neno hilo halikuwa la mzaha. Jumamosi mkuu wa kambi akaja mwenyewe, pamoja na Bartholomayo, mgambo mwenye mvi na kifua cha kubebea gogo.

"Pambaneni na huyu nione," mkuu alisema. "Nikiona jeshi, nafunga leo leo."

Niyokwizera alihisi vidole vinaanza. Uwanja huu ukifungwa, aliwaza, nitatetemeka mpaka kaburini. Kabla hajachagua mtu, Recho alikwisha ruka mbele. Mungu wangu, si huyu!

Bartholomayo akakunja ngumi. Recho akapiga magoti mawili vumbini.

"Shikamoo, baba."

Mwalimu akafumba macho. Bartholomayo akashusha ngumi, maana naye alilelewa.

"Marahaba, mwanangu."

Recho akainuka, akamsubiri akunje ngumi upya, kisha akamfagia mguu mmoja tu. Puu! Mgambo yuko chini, kofia kule! Binti akamshika mkono kumwinua: "Pole, baba." Uwanja ulilipuka kwa vigelegele, na Bartholomayo mwenyewe akacheka huku akijipangusa makalio.

Mkuu wa kambi alicheka mpaka machozi. "Jeshi gani hili linalomwamkia adui kwa magoti? Endeleeni!"

Akatoa karatasi ya kibali, na kwa kuwa alimjua Mwalimu tangu kwenye foleni ya mgao, akatoa na kikopo cha wino wa kutilia dole gumba.

Niyokwizera alikisogeza kando.

"Naomba kalamu, mzee."

Akaandika jina lake lote. Herufi kumi na moja, na hakuna hata moja iliyopinda.